Amana Isiyofika

Mwaka 1919 kampuni ya Universal ilitoa filamu bubu ya kauboi iitwayo Marked Men, iliyoongozwa na John Ford, mwigizaji mkuu akiwa Harry Carey. Majambazi watatu wanakimbilia jangwani, na huko wanamkuta mama anayekata roho. Mama huyo anawakabidhi mtoto wake mchanga. Kisa tunakijua vizuri, lakini filamu yenyewe haipo: hakuna nakala yake inayojulikana kusalia popote.

Basi ni nini hasa kilichopotea? Mtu atajibu kwamba hakuna. Kisa kilitungwa na mwandishi Peter B. Kyne, nacho kimebaki. Ford mwenyewe alikirudia mwaka 1948, safari hii kwa sauti na rangi, akaitoa kazi hiyo iwe kumbukumbu ya Carey aliyefariki mwaka uliotangulia. Hoja hii ina uzito, ila inaichukulia filamu kuwa chombo tu cha kubebea kisa. Namna Carey alivyompokea mtoto yule, kama alisita, kama alimtazama mama usoni au aliangalia pembeni, haimo katika maandishi ya Kyne. Wala John Wayne, mwigizaji mkuu wa filamu ya mwaka 1948, hakuweza kuirudia, maana yeye alimpokea mtoto mwingine kwa mikono mingine. Kupotea, kwa maana ninayoikusudia, ni kutoweka kwa kile ambacho hata anayekijua hawezi kukisimulia.

Nani aliyekipoteza? Tungependa apatikane mhalifu mmoja, tumalizane naye. Lakini ripoti iliyotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ilikadiria kwamba karibu asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimetoweka kabisa, na upotevu mkubwa hivyo hauhitaji chuki. Mwaka uleule wa 1948 Universal iliteketeza filamu zake bubu zilizokuwa zimebaki ghalani. Zilikwisha kuuzwa na kutazamwa; kuzitunza kulikuwa gharama, na utepe wake ulishika moto upesi. Hapo faida na thamani ziliachana. Faida ni kile ambacho kitu kinampa leo anayekimiliki. Thamani, naiona zaidi kama dai la watu ambao bado hawajafika kulitoa. Sisi hatukuwapo mlangoni mwa ghala lile. Mtoto wa jangwani naye hakuweza kudai chochote, na bado majambazi wale walimbeba. Inashangaza kwamba wenye filamu walikisimulia kisa hicho wasisikie kinawahusu.

Hata hivyo najitilia shaka. Straight Shooting, filamu ya Ford na Carey ya mwaka 1917, ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana Prague katika miaka ya 1960. Leo ni filamu kama nyingine, yenye sehemu za kusisimua na sehemu za kupigisha miayo. Huenda uzuri mwingi wa Marked Men nimeupachika mwenyewe, kwa kuwa hakuna picha ya kunisuta. Je, ningetaka ipatikane hata kama itanivunja moyo? Ningetaka. Filamu dhaifu iliyopo inaweza kubishana nami. Hii niliyoitunga kichwani inakubaliana nami katika kila jambo, na kwa sababu hiyo siiamini.