Kadari na Dhima: Anguko la Ngazini Mbele ya Dini na Sheria

Swali la nani abebe lawama mtu anapoanguka kwenye ngazi mbovu ya jengo la mwingine huhesabiwa kwa kawaida kuwa swali la mahakama, na ni la mahakama kweli, kwa kuwa linahusu fidia, yaani malipo anayopewa aliyeumizwa ili kuziba hasara yake. Ndani yake, hata hivyo, limo swali la kale zaidi, ambalo wanazuoni wa dini walihangaika nalo karne nyingi kabla ya mawakili: ikiwa hakuna litokealo nje ya ujuzi wa Mungu, mwenye jengo anadaiwa nini hasa? Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini swali hili halijadiliwi sana, kwa sababu jibu hutolewa pale pale penye tukio, kwa msemo kwamba ajali haina kinga, na baada ya hapo mazungumzo huhamia kwenye gharama za hospitali. Msemo huo una faraja yake kwa anayeugulia, lakini unapotoka kinywani mwa mwenye nyumba unamtwisha Mungu deni la binadamu, na dini zenyewe haziukubali.

Mwanjelwa, kitovu cha biashara cha Jiji la Mbeya kilichokaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia, inafaa kulipimia swali hilo. Soko lake la zamani liliteketea kwa moto mwaka 2006, likajengwa upya kwa ghorofa, na majengo ya watu binafsi yanayolizunguka nayo yamekuwa yakipanda juu kadiri bei ya viwanja inavyopanda, hata ngazi ikawa njia ya riziki, kwa kuwa huko juu ndiko waliko mafundi cherehani, saluni, stoo za mitumba na vyumba vya kupanga. Ubovu wa ngazi za namna hii huonekana kwa macho. Kidato kimoja kina kimo cha inchi sita na kinachofuata inchi nane, kwa sababu fundi alifika juu akakuta nafasi imebaki asiyoipangia, kingo za saruji zimemeguka hadi nondo zinachungulia, bomba la kushikia limeachia pale lilipochomelewa, taa hakuna, na katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, tope la viatu huufanya kila mpando uwe wa kuteleza. Kuli anayepandisha belo la mitumba la kilo 45 haoni anapokanyaga, hutegemea mguu wake ukumbuke kimo cha kidato kilichopita, na kidato kinachofuata humsaliti. Ngazi za mbao, ambazo mara nyingi ni za paina kutoka maeneo kama Sao Hill wilayani Mufindi, zina hila nyingine, kwani mbao isiyotiwa dawa huweza kuliwa ndani ikabaki nzima kwa nje mpaka siku inapokatika.

Katika maelezo hayo hakuna hata jambo moja lililofichika kwa mwenye jengo isipokuwa, pengine, hilo la mbao. Kwa hiyo neno ajali, likiwa na maana ya jambo lisilotazamiwa, haliwezi kutumika hapa bila kupindishwa, maana kilichokuwa hakijulikani ni jina la atakayeanguka na siku yake tu.

Jambo hili ndilo linaloipa uzito amri iliyomo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, inayomtaka ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije akailetea nyumba yake hatia ya damu iwapo mtu ataanguka kutoka juu. Dari katika nchi ya Waisraeli ilikuwa bapa, na watu waliitumia kwa kazi na mapumziko, kama ghorofa zinavyotumika leo. Wanazuoni wa Kiyahudi waliitazama amri hiyo kwa makini, na katika Talmudi, ambayo ni mkusanyo wa mijadala yao ya sheria, wa shule ya Rabi Ishmaeli waligundua kwamba andiko linamwita mtu huyo mwenye kuanguka kabla hajaanguka, wakahitimisha kwamba pengine alikwisha kuandikiwa kuanguka tangu siku sita za uumbaji. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo wangemwachia huru mwenye nyumba. Hawakufanya hivyo. Walisema kwamba mema huletwa kwa mikono ya wastahiki na mabaya kwa mikono ya wenye hatia, maana yake ni kwamba hata anguko likiwa limekadiriwa, haikukadiriwa kwamba nyumba isiyo na ukingo iwe ya mtu fulani. Hilo alilichagua mwenyewe. Mwanazuoni wao Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, aliipanua amri hiyo ihusu kila kitu chenye hatari ya kuua, kisima kikiwamo, na hapana shaka kwamba ngazi ya Mwanjelwa inaingia humo bila kusukumwa.

Uislamu ulilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Khalifa Umar bin al-Khattab alipozuia msafara wake usiingie Shamu, yaani eneo la Siria, wakati wa tauni ya Amwas, na kamanda wake Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Jibu hilo halipunguzi chochote katika imani ya kadari, ila linaiweka tahadhari ndani ya kadari hiyo hiyo, hivyo anayeacha kurekebisha ngazi kwa kisingizio cha kadari ameitaja nusu yake tu. Na upande wa lawama kwa aliyeanguka, Injili ya Luka, katika sura ya 13, inasimulia mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, na Yesu anakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Maneno hayo yangepaswa kukumbukwa kila majirani wanapoanza kuuliza marehemu alikuwa amekunywa nini.

Mafaqihi wa madhehebu ya Hanafi, yaani wanasheria wa Kiislamu wanaomfuata Abu Hanifa, waliandika kwa urefu kuhusu ukuta ulioinamia barabara ya watu. Katika Hidaya ya al-Marghinani, mwanazuoni wa karne ya 12, mwenye ukuta hulipa madhara yake ikiwa alitakiwa aubomoe, akapata muda wa kutosha, asifanye. Na kwa kuwa barabara ni haki ya wote, dai hilo laweza kutolewa na mpita njia yeyote, Mwislamu au asiye Mwislamu. Kumdai mpangaji hakutoshi, kwa maana hana mamlaka ya kubomoa. Waislamu wa Afrika Mashariki wengi ni Shafii, na kila madhehebu ina masharti yake, lakini kanuni hii ya wito inawahusu wakazi wa jengo lolote: onyo lililotamkwa humwondolea mwenye mali udhuru wa kutojua. Wanyakyusa wa Rungwe, ambao wamo miongoni mwa wafanyabiashara wa Mwanjelwa, walikuwa na imani iliyoandikwa na Monica Wilson katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, kwamba manung'uniko ya haki ya majirani humshukia mkosaji kama pumzi ya baridi inayomwuguza. Mtu anaweza asiiamini pumzi hiyo na bado akakubali kwamba wapangaji wanaonung'unika kuhusu ngazi kwa miaka wakati mwenye jengo anakusanya kodi wamekwisha kumshtaki.

Sheria za Uingereza, ambazo zilipokewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, zilikuwa na kesi ya mwaka 1866 ya fundi wa gesi aliyetumbukia katika shimo la kupandishia mizigo lisilo na uzio ndani ya kiwanda cha sukari cha London. Mahakama iliamua kwamba anayeingia kwa shughuli halali ana haki ya kutarajia kwamba mwenye mahali atachukua hatua za busara dhidi ya hatari anayoijua au aliyopaswa kuijua. Ni kanuni nzuri, ila mahakama husubiri madhara: wenye majengo wawili wenye ngazi mbovu sawasawa, mmoja hulipa kwa sababu kuli ameanguka kwake, mwingine halipi kwa sababu bado hajaanguka mtu. Mbele ya dhamiri wawili hao wana hatia moja, na amri ya ukingo inalijua hilo, kwa kuwa inavunjwa siku nyumba inapohamiwa bila ukingo.

Husemwa kwamba kuli aliijua ngazi na akaipanda, hivyo aliridhia hatari. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo husikika sana, kwa sababu ridhaa huhitaji kuwapo njia ya pili, naye kuli anayelipwa kwa kila belo hana njia ya pili ila kulala njaa. Mwenye jengo maskini, kwa mfano mjane aliyerithi vyumba vinne, anastahili kuhurumiwa katika kiasi cha matengenezo, lakini kufunga ngazi au kusimamisha upangishaji wa juu hakuhitaji fedha nyingi, na kodi ya chumba kisichofikika salama ni kodi inayolipwa kwa mwili wa mwingine.

Jambo la kawaida baada ya anguko la kifo ni kwamba mwenye jengo hufika msibani na bahasha, hushukuriwa kwa moyo wake, na wazee huwasihi wafiwa wasiende mbele kwa kuwa wote ni watu wa Mungu. Kurani, katika Surat an-Nisaa, aya ya 92, inapozungumzia aliyemuua Mwislamu kwa makosa, inaamuru diya, yaani malipo ya damu, ikabidhiwe kwa familia, isipokuwa familia yenyewe ikiiacha kama sadaka. Mtoa sadaka katika aya hiyo ni aliyefiwa, na mpokeaji ni aliyesababisha kifo. Bahasha ya msibani imegeuza nafasi hizo, ikamfanya mdaiwa aonekane mfadhili. Msamaha wa wafiwa, wanapoutoa kwa hiari baada ya deni kukiriwa, ni tendo kubwa na lisizuiwe. Lakini unahusu damu ya ndugu yao peke yake, nao hawana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya watakaopanda ngazi hiyo hiyo asubuhi inayofuata.