Plastiki Tuimezayo: Ushahidi Ni Juu ya Nani?

Ukitembea Manundu, mjini Korogwe, huendi mbali kabla hujaona maji yakiuzwa katika chupa za plastiki na maharage ya moto yakitiwa katika nailoni. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Chupa, ndoo na vifungashio vingi vimebaki. Na plastiki haiozi. Huvunjika-vunjika mpaka ikawa chembe zisizoonekana kwa macho, nazo huingia katika maji, katika samaki, na mwishowe katika matumbo yetu.

Je, zinadhuru? Mwenye kusema kweli atajibu kwamba jambo hili halijathibitishwa bado. Yaliyothibitishwa ni kwamba zimo. Samaki walionunuliwa Mwanza na kupasuliwa na watafiti, sangara na sato, walikutwa nazo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2016. Mwaka 2022 huko Uholanzi zilionekana katika damu ya watu 17 kati ya 22. Mwaka 2024 waganga wa Italia walitoa habari za wagonjwa 257 waliopasuliwa mshipa mkubwa wa shingo: 150 kati yao walikuwa na plastiki katika mafuta yaliyoganda mshipani, na hatari yao ya kupatwa na kiharusi, ugonjwa wa moyo au mauti ilikuwa kama mara nne na nusu ya wenzao. Lakini waganga hao hao walionya kwamba hilo halithibitishi kuwa plastiki ndiyo sababu. Huenda watu hao walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine.

Kwa nini basi ni vigumu kujua? Korogwe yenyewe yaweza kutufundisha. Kati ya mwaka 2009 na 2014 mji huu ulikuwa mmoja wa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyojaribu chanjo ya malaria kwa watoto 15,459. Wazazi walielezwa, wakaridhia. Watoto waligawanywa kwa kura, na waliokuwa katika kundi la kulinganishia walipewa chanjo nyingine yenye faida. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike sana mwezi wa Oktoba 2021, baada ya miaka mingi ya kupimwa.

Sasa jaribu kufanya hivyo kwa plastiki. Ni nani atakayemlisha mtoto kitu akishuku kuwa ni sumu, ili aone kama ataugua? Na kundi la kulinganishia litapatikana wapi, hali hakuna tena asiyeimeza?

Wapo wasemao, "Hakuna ushahidi wa madhara." Hoja hii ina maana mbili, na mfanyabiashara huzichanganya. Kutafuta usione ni jambo moja; kutoweza kutafuta ni jambo jingine kabisa. Tazama ajabu hii: dawa iliyokusudiwa kumwokoa mtoto ilitakiwa ijithibitishe kwanza, na ilikuwa haki itakiwe hivyo. Plastiki, iliyokusudiwa kumrahisishia muuzaji kazi, iliruhusiwa kuingia kinywani mwa mtoto yule yule bila ya idhini ya mzazi, kisha mzazi ndiye aambiwaye alete ushahidi!

Atauliza mtu: je, tutupe ndoo zetu? La. Ndoo yenye kifuniko huzuia uchafu, na kipindupindu huua wiki hii hii. Shirika hilo hilo, katika taarifa yake ya mwaka 2019 juu ya chembe hizi katika maji ya kunywa, lilisema kwamba kwa ujuzi mdogo uliopo hatari haijadhihirika, na kwamba vijidudu vya maradhi ndivyo vya kushughulikiwa kwanza. Palipo na faida kubwa, kitu na kitumike. Pasipo na faida ila wepesi tu, ni juu ya atengenezaye na auzaye kuonyesha kwamba hakidhuru, wala si juu ya alaye.

Tena kuna jambo ambalo halihitaji kungoja. Mwaka 2020 watafiti wa Ireland walionyesha kwamba chupa za plastiki za kunyweshea watoto zaweza kutoa chembe hadi milioni 16 katika lita moja, na kadiri maji yalivyozidi kuwa moto ndivyo zilivyozidi. Yule mama wa Manundu aendaye kununua maharage ya jioni akiwa na bakuli lake la bati hana haja ya kuulizwa amesoma taarifa gani.