Je, Ni Wizi? Neno Juu ya Emuleta na Michezo Inayonakiliwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa usharika wetu alinijia nyumbani wakati wa jioni. Kazi yake ni kutengeneza simu katika kibanda kilicho karibu na stendi ya mabasi, na kwa kazi hiyo amsomesha mdogo wake. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Alipokwisha kunywa chai alinieleza neno lililomleta. Mzee mmoja wa kanisa alipita kibandani pake, akamkuta anamtilia mteja michezo ya video katika simu. Mzee akamwambia mbele ya watu kwamba chombo kile anachokitumia, kiitwacho emuleta, ni chombo cha wezi, na kila akitumiaye ni mwizi.

Kijana akaniuliza, "Mwalimu, je, ni kweli? Kama mimi ni mwizi, nataka kujua, niache. Na kama si mwizi, nataka jina langu lirudishwe palepale lilipochafuliwa."

Nalimwambia anipe majuma mawili nipate kuchunguza. Niliyoyaona nayaandika hapa, maana najua kwamba neno hili liko katika nyumba nyingi, na wazazi wengi wanalikataza au kuliruhusu pasipo kulifahamu.

Kwanza yatupasa kukijua kitu kabla ya kukihukumu. Mchezo wa video hutungwa kwa ajili ya mashine fulani, wala hauwezi kuchezwa katika mashine nyingine, kwa kuwa kila mashine ina lugha yake. Emuleta ni programu inayofanya kazi ya mkalimani. Hupokea amri zilizoandikwa kwa mashine ile ya kwanza, ikazigeuza papo hapo ziwe amri ambazo simu au kompyuta yaweza kuzifuata. Kijana wetu hutumia emuleta iitwayo PPSSPP. Hiyo huiga mashine ndogo ya mkononi ya kampuni ya Sony, iitwayo PSP, iliyoanza kuuzwa Japani katika Desemba 2004, na ambayo sasa haitengenezwi tena. Aliyeianza programu hiyo ni Msweden, Henrik Rydgård, akaitoa mara ya kwanza mwaka 2012. Yeye na wenzake waliiandika wenyewe kwa kazi ya miaka mingi, nao huitoa bure. Ndani yake hamna mchezo hata mmoja wa Sony. Ukiifungua pasipo mchezo, ni kama gramafoni isiyo na sahani: iko tayari kuimba, lakini haina wimbo.

Je, ni halali kuunda gramafoni ya kupigia sahani za mwingine? Neno hili lilikwisha kuamuliwa Marekani. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa programu iliyowezesha kompyuta za Apple kucheza michezo ya PlayStation, mashine ya Sony. Sony ikaishitaki. Katika Februari 2000 mahakama ya rufani ilisema hivi: ni kweli Connectix ilinakili programu ya ndani ya mashine ya Sony ilipokuwa ikichunguza jinsi inavyofanya kazi, lakini chombo kilichouzwa hakikuwa na programu hiyo ndani yake, na uchunguzi wa namna hiyo ni matumizi ya haki. Mwaka 2001 Sony iliinunua programu ile kwa Connectix, na baada ya hapo haikuuzwa tena. Hata hivyo hukumu imebaki. Tena wenye michezo wenyewe hutumia emuleta. Mwaka 2016 kampuni ya Nintendo ilitoa kimashine kidogo chenye michezo 30 ya zamani, nayo huchezwa kwa njia ya emuleta. Na kampuni ya Apple, iliyozikataza emuleta hizi dukani mwake kwa miaka mingi, ilizifungulia mlango katika Aprili 2024. Mwezi wa Mei PPSSPP ikaingia.

Basi kwa habari ya chombo, mzee wetu alikosa. Kumwita mtu mwizi kwa ajili ya chombo kisicho na kitu cha mtu ndani yake ni kumsingizia. Nasi twajua kwamba kulichafua jina la jirani si kosa dogo kuliko kuichukua mali yake, maana mali yaweza kulipwa, lakini jina hurudi kwa shida.

Hayo nalimwambia kijana, akafurahi. Kisha nikamwuliza, "Na michezo yenyewe waipata wapi?" Akainamisha kichwa. Michezo huichukua katika intaneti, kwa watu walioinakili pasipo ruhusa. Hakuinunua. Naye humtoza mteja shilingi 1,000 kwa kila mchezo.

Hapa ndipo penye neno lenyewe. Gramafoni haina hatia, lakini sahani ni ya nani? Mchezo mmoja mkubwa ni kazi ya watu wengi kwa miaka mingi: wachoraji, watunga muziki, waandishi wa hadithi, wenye kuandika amri za kompyuta. Malipo yao hutoka kwa wanunuzi. Tazameni yaliyotokea mwaka 2023. Nintendo ilikuwa imetangaza mchezo mpya wa Zelda, utoke tarehe 12 Mei. Kabla ya siku hiyo nakala yake ilivuja, nayo Nintendo ilidai kwamba ilichukuliwa zaidi ya mara milioni moja kabla mchezo haujatoka madukani. Watu wengi waliucheza kwa emuleta iitwayo Yuzu. Katika Februari 2024 Nintendo iliwashitaki wenye Yuzu, ikisema kwamba michezo yake hufungwa kwa funguo za siri, na kwamba emuleta hiyo huivunja kufuli. Mwezi wa Machi pande mbili zilipatana: wenye Yuzu wakubali kulipa dola 2,400,000 na kuiacha kazi yao. Kwa sababu walipatana, mahakama haikupata kulichunguza neno lenyewe hata mwisho. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba hapo emuleta zote zilihukumiwa. Lakini kila mtu aweza kuona kwamba kitabu kilichoibwa kabla hakijatoka kiwandani kimeibwa.

Nasi Walutheri tusilione neno hili kuwa geni. Mwaka 1525 Martin Luther alikuwa akichapisha mahubiri yake mjini Wittenberg. Kazi ilipokuwa haijaisha, mtu aliiba sehemu ya maandiko katika nyumba ya kupigia chapa, yakapelekwa mji mwingine, yakachapwa na kuuzwa huko kabla kazi yenyewe haijamalizika. Luther hakuwa akipokea malipo kwa vitabu vyake, wala hakuchukia maneno yake yakienea. Walakini aliwaandikia wapiga chapa maonyo makali, kwa kuwa wale waliogharimia kazi walitiwa hasara, tena nakala zilizofanywa kwa haraka zilijaa makosa. Chombo cha kupiga chapa hakukilaumu. Bila chombo hicho kazi yake isingalienea. Aliwalaumu waliokitumia kuvuna wasipopanda.

Nalipoyaeleza hayo, kijana alinijibu kwa maneno matatu, nami sitaki kuyapuuza, maana husemwa na watu wengi.

Neno lake la kwanza: "Mwalimu, nikichukua mbuzi wa mtu, hana mbuzi tena. Lakini nikinakili mchezo, mwenyewe bado anao." Ni kweli, na yafaa tukiri kwamba kunakili si sawasawa na kuiba mbuzi. Lakini mtu aliyekwisha kulimiwa shamba lake akamnyima kibarua ujira, hakumchukulia jembe wala nguo. Kibarua yu nazo bado. Je, hakumdhulumu? Kilichochukuliwa ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa.

Neno la pili: "Kampuni hizo ni tajiri, tena ziko mbali, shilingi zangu hazitazifilisi." Hapo nalimkumbusha kwaya yetu. Miaka michache iliyopita kwaya ilikusanya fedha, ikarekodi nyimbo zake, ikatumaini kuuza nakala na kununua kinanda. Kabla ya mwezi kuisha, nyimbo zile zilikuwa zikitiwa katika simu kwenye vibanda vya stendi kwa bei ya soda. Kinanda hakikununuliwa. Kiongozi wa kwaya siku zile ndiye yule mzee aliyemkaripia kijana. Sasa nimefahamu ghadhabu yake ilitoka wapi. Waliozinakili nyimbo zetu hawakuwa na chuki. Walisema vivyo hivyo kwamba nakala moja haimwumizi mtu. Haki isipimwe kwa utajiri wa mwenye mali, wala kwa umbali wake. Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya mwaka 1999, huzilinda nyimbo za kwaya ya kijijini, na programu za kompyuta pia. Hatuwezi kuitaka sheria itulinde sisi na kuikataa ilindapo wengine.

Neno la tatu ndilo lililonishika kwa muda mrefu. Akasema, "Michezo mingi ya zamani haiuzwi tena popote. Hata nikitaka kulipa, nimlipe nani?" Nalichunguza nikaona kwamba asema kweli. Katika Julai 2023 shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya michezo ya video, Video Game History Foundation, lilitoa habari kwamba katika kila michezo 100 ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010, 87 haiuzwi tena. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo Nintendo iliyafunga maduka ya intaneti ya mashine zake mbili, 3DS na Wii U. Tena sheria ya Marekani huilinda kazi ya kampuni kwa miaka 95 tangu kutolewa. Mchezo uliotolewa huko mwaka 1985 utabaki umefungwa mpaka mwisho wa 2080, na watu walioucheza utotoni wengi watakuwa wamekwisha kufa. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwafungulia wachunguzi walio mbali wapate kuitazama michezo hiyo. Katika Oktoba 2024 zilikataliwa.

Basi tuseme nini? Sheria haikuondoka kwa sababu duka limefungwa, nami sitamwambia mtu kwamba ni halali mbele ya sheria. Lakini dhamiri huona tofauti, wala si haki kuzichanganya hatia kubwa na ndogo kana kwamba ni moja. Aliyenunua mchezo wake, akafanya nakala ili auchezee katika emuleta, hakumnyima mtu ujira, hata pale ambapo sheria ya nchi yaweza kumbana. Anayehifadhi kazi ambayo mwenyewe ameitupa, ili isipotee, yuko karibu na mtunza maktaba kuliko mwizi. Anayecheza mchezo usiouzwa tena amevunja sheria, lakini hakumtoa mtu chakula kinywani. Naye ukirudi madukani, na aununue. Lakini achukuaye mchezo ungali unauzwa, akijua, amemdhulumu aliyeufanya. Na auzaye nakala, uwe mpya au wa zamani, apokea fedha kwa kazi asiyoifanya. Huyo hawezi kujificha nyuma ya duka lililofungwa, maana kama mchezo hauna thamani kwa mwenyewe, mbona yeye autoza shilingi 1,000?

Kijana alisikia hayo yote akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba nusu ya mapato ya kibanda chake hutoka katika michezo. Sikuwa na jibu rahisi la kumpa. Ada ya mdogo wake hailipwi kwa hoja.

Juma lililofuata nalipita stendi. Orodha ya michezo iliyokuwa imebandikwa ukutani ameiondoa. Bado huwatilia watu emuleta, na kuwaonyesha michezo ambayo watungaji wenyewe wameitoa bure, nayo ipo. Na mteja anapokuja na diski aliyoinunua, humwelekeza. Anatoza kwa kazi ya mikono yake tu. Mapato yamepungua, asema, wala hayajarudi.

Nami nalikwenda kwa mzee, nikamweleza tofauti ya chombo na kilichomo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Jumamosi alikwenda kibandani, akasema mbele ya watu walewale kwamba alikosea juu ya chombo, akaomba radhi. Kisha akamwuliza kijana kama aweza kumsaidia kuzifuta katika simu yake nyimbo za kwaya ya mji mwingine, alizotiliwa na rafiki, naye hakuzinunua.

Wapenzi, mkiulizwa na watoto wenu kama emuleta ni wizi, msijibu upesi kwa ndiyo wala kwa siyo. Waulizeni kwanza: mchezo huu ni kazi ya nani? Je, bado unauzwa? Je, kuna mtu aliyelipwa asiyeufanya? Watakaoweza kuyajibu hayo kwa uso mkunjufu, waacheni wacheze. Na sisi wazazi na tujiulize maswali yayo hayo juu ya nyimbo zilizomo katika simu zetu.