Jina la Mtoto Mwanamume na Nasaba ya Baba Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Adamu majina ya vitu vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika nchi ya Shinyanga na Kahama, hata Geita penye machimbo ya dhahabu, Waislamu wengi ni wana wa watu wasiokuwa Waislamu. Kijana husilimu, huoa, hujaaliwa mtoto mwanamume, na siku ya saba huja swali: aitwe nani? Wako wamwambiao kwamba jina la Kisukuma ni jina la ukafiri, halifai kabisa. Na wengine huvuka mpaka zaidi ya hapo, wakamfuta baba yake mwenyewe: yule aliyekuwa mwana wa Mabula huandikwa Juma bin Abdallah, na mtoto wake akawa Ramadhani bin Juma bin Abdallah, na hali Mabula yu hai kijijini alima pamba yake, hana habari kwamba ametolewa katika ukoo wake. Mambo haya ni mawili, jina la mtoto na jina la babu, na yapasa yatenganishwe, kwani hukumu zake si moja.

Jina la mtoto hupimwa kwa maana yake, halipimwi kwa lugha yake. Yamethubutu katika Sahihi ya Muslim kwamba majina yapendezayo mno mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdurrahman, na sababu ni ile maana ya uja iliyomo ndani yake. Masahaba waliposilimu hawakuvuliwa majina yao wote. Umar alibaki Umar, na Khalid alibaki Khalid, na Talha, ambalo ni jina la mti, alibaki Talha. Waliobadilishiwa ni wale ambao majina yao yalikuwa na ubaya, kama yule mwanamke aliyeitwa Asiya, maana yake muasi, Mtume s.a.w. akamwita Jamila. Na majina haya mabaya yalikuwa ya Kiarabu safi! Basi Uarabu wa neno si kinga.

Bukhari amepokea habari ya Hazn, babu yake Said bin al-Musayyab. Hazn ni ardhi ngumu yenye mawe. Wachimbaji wa Geita waijua vema tofauti yake na ardhi laini. Mtume s.a.w. akataka kumwita Sahl, yaani ardhi nyepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Hakulazimishwa. Lakini mjukuu wake akasimulia kwamba ule ugumu wa tabia haukuwatoka watu wa nyumba yao tangu siku hiyo.

Kwa mizani hiyo yatazamwe majina ya Kisukuma. Mabula ni aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua ni rehema. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni amfuataye pacha. Haya ni majina ya kuhesabu tu, hayana ubaya. Makoye maana yake ni taabu, na afadhali mtoto asibebeshwe. Lakini wasicheke watu wa pwani, kwani na wao huita watoto wao Mashaka na Shida. Na wale waitao mtoto Abdul peke yake wamelikata jina katikati, likawa mja asiye na Bwana.

Liko jambo moja la hatari. Mtoto hulia usiku na usiku, mganga akasema kwamba babu fulani aliyekufa alitaka jina lake, apewe mtoto apate kunyamaza. Kumwita mtoto kwa jina la babu kwa mapenzi ni halali, na Mtume s.a.w. alimwita mwanawe Ibrahim kwa jina la mzee wake Nabii Ibrahim. Kumwita kwa kuamini kwamba mzimu wadhuru na waponya ni shirki. Jina ni lilo hilo moja, na itikadi ndizo mbili.

Ama akika na kunyoa nywele, hukumu zake ni mashuhuri: mbuzi wawili kwa mwanamume, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi hutolewa sadaka uzito wa nywele kwa dhahabu, na isipopatikana, kwa fedha. Kwenye machimbo hapana udhuru wa kukosa mizani.

Sasa jina la baba. Kurani, katika Sura ya Al-Ahzab, imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na hadithi sahihi zimemtisha vikali ajinasibishaye kwa asiyekuwa baba yake naye ajua. Husemwa kwamba kila mtu ni mja wa Mungu, basi baba yeyote ni Abdallah. Hoja hii ni dhaifu. Ikrima alisilimu, naye ni mwana wa Abu Jahl, adui aliyeuawa Badri, na nasaba yake haikubadilishwa. Na watoto wa vyuoni huhifadhi nasaba ya Mtume s.a.w. mpaka Abdi Manaf, na Manaf ni sanamu. Jina hilo halikufutwa. Itakuwaje basi lifutwe jina la mvua? Na jirani wa Wasukuma, Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa Waziri wa Sheria Tanganyika ilipopata uhuru 1961, aliushika Uislamu na jina la wazee wake pamoja.

Madhara yake si ya karatasi tu. Machimboni hukutana watu wa kila upande. Ukoo ukifichwa, amu aweza kuoa binti wa ndugu yake bila kujua, na mwanamwali aliyefiwa na baba hatajua kwamba anaye amu Mwislamu Shinyanga, aliye walii wake, akaozwa na asiyestahili.

Aliyekwisha kuandikwa hivyo kwa ujinga hana lawama kwa asilolijua. Akishajua, na awatajie wanawe jina la babu yao, na hati zikiweza kusahihishwa serikalini zisahihishwe. Zisipoweza, nasaba iandikwe daftarini nyumbani, isomwe mbele ya mashahidi siku ya kuozesha.