Moyo Unaporuka Kifuani, Tusikimbilie Kusema Ni Jini

HOTUBA YA KWANZA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuamuru moyo upige tumboni mwa mama kabla mtoto hajaona mwanga wa dunia. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninawausia ninyi pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, kwani mwenye kumcha ndiye mwenye kufaulu.

Ndugu Muislamu, leo ninataka kusema nawe juu ya jambo ambalo wengi katika safu zetu wanalo, na hawalisemi. Mtu amelala usiku, nyumba iko kimya. Mara moyo unaruka kifuani kama samaki ndani ya kikapu. Unapiga, unasimama kidogo, halafu unapiga kwa kishindo mpaka anafikiri ndiyo saa yake. Mwingine moyo unakwenda mbio naye amekaa tu kwenye kiti. Mwingine kifua kinabana, au panachoma, au panatetemeka. Anaweka mkono kifuani, anasoma Ayatul Kursiyyu, anangojea alfajiri. Asubuhi anakunywa chai yake, na mke wake hajui kitu.

Kwa nini ananyamaza? Kwa sababu anaogopa maneno matatu. La kwanza, ataambiwa ana jini. La pili, ataambiwa amerogwa, na hapo watu watamtafuta mchawi ni nani: mke mwenza, shangazi au jirani, na ukoo utagawanyika. La tatu, na hili ndilo linalouma zaidi kwa mtu wa msikitini, ataambiwa imani yake ni ndogo. Watasema: si Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratur Raad, aya ya 28, kwamba nyoyo zinatulia kwa kumkumbuka Yeye? Basi moyo wako usiotulia unamkumbuka nani?

Ndugu yangu, aya hiyo ni haki. Lakini kuitumia kumpiga mgonjwa si haki. Utulivu unaotajwa pale ni wa ule moyo unaomjua Mola wake, ukaridhika naye. Kipande cha nyama kilicho kifuani ni kiungo kama jicho na kama figo, nacho kinashikwa na maradhi. Tena Qur'ani yenyewe inatueleza hofu iliyoingia nyoyo za waumini. Mama yake Nabii Musa (a.s.), alipomtia mwanawe mtoni, moyo wake ulibaki mtupu mpaka Mwenyezi Mungu akautia nguvu, soma Suratul Qasas, aya ya 10. Na siku ya vita vya Handaki, masahaba walipozungukwa Madina, Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 10, kwamba nyoyo zilipanda mpaka kooni. Nani kati yetu atasema watu wale hawakuwa na imani?

Mkumbuke pia usiku wa pangoni Hira. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alirudi nyumbani baada ya wahyi wa kwanza moyo wake ukitetemeka, akaomba afunikwe. Hatusemi kwamba ule ulikuwa ugonjwa, hasha. Ule ulikuwa uzito wa wahyi. Lakini angalia Bibi Khadija (r.a.) alifanya nini, kwa sababu hapo ndipo penye somo letu la leo.

Kwanza alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Hakumuuliza maswali mtu anayetetemeka. Pili alimsikiliza mpaka mwisho. Tatu alimwambia maneno mema, akamkumbusha jinsi anavyounga udugu na kuwabeba wanyonge, na kwamba Mwenyezi Mungu hawezi kumtupa. Nne, alimpeleka kwa mwenye elimu ya jambo lile, naye ni Waraqa bin Naufal, mzee aliyekuwa amekwisha pofuka macho lakini alikuwa na ujuzi wa vitabu. Kumfunika, kumsikiliza, kumtia moyo, na kumpeleka kwa mwenye elimu. Hayo manne yanatutosha. Sisi tunaanza na uganga, na elimu tunaifikia mwisho, wakati maji yamefika shingoni.

Ndugu zangu, sitawanyooshea ninyi kidole kabla ya kujinyooshea mwenyewe. Miaka iliyopita nililetewa binti mmoja, mwanafunzi wa madrasa yetu, hajafika miaka 17. Kila alipopanda kutoka mtoni na ndoo ya maji, moyo ulimkimbia na pumzi ikamkatika. Usiku hakuweza kulala chali. Nilimtazama nikasema: huyu ameguswa huko majini. Nilimsomea, nikamwandikia kombe, akanywa. Kila Alhamisi baba yake alimleta, na mimi nilimwambia avute subira. Miezi mitatu ilipita hivyo. Mwisho mjomba wake akamchukua mpaka hospitali. Munganga aliweka chombo cha kusikilizia kifuani, akajua mara moja. Moyo una vilango vinavyofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Kilango kimoja cha binti yule kilikuwa kimeharibika. Inaanza kwa mtoto kuumwa koo lisilotibiwa vizuri. Baadaye viungo vinavimba na kuuma, halafu moyo unaguswa.

Binti yule yuko hai, alhamdulillahi. Anachomwa sindano yake ya penisilini kila mwezi, na ndoo kichwani habebi tena. Baba yake ananisalimia vizuri, hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Miezi mitatu ile nitaulizwa.

Tena lipo lingine. Mwaka jana moyo wangu mimi mwenyewe ulianza kuruka. Ulinishika katika sala ya alfajiri, niko mbele yenu, katika rakaa ya pili. Wengine mliona nimefupisha kisomo. Je, nilikwenda nyumbani nikajiandikia kombe? Hapana. Jua halijapanda nilikuwa nimekwisha fika hospitali. Nikiwa kwenye benchi nikingojea kuitwa, nilimkumbuka binti yule, nikaona haya mbele ya Mola wangu. Dawa niliyomnyima mtoto wa mwenzangu, niliikimbilia mimi usiku haujaisha.

Ninasema haya hadharani ili mwalimu mwenzangu asirudie kosa langu, na ili mzazi asitusubiri sisi. Majini wapo, Qur'ani imewataja, na kumsomea mgonjwa ni sunna. Lakini kisomo hakimkatazi mtu kwenda hospitali. Msomee njiani mkienda. Mtume (s.a.w.) alituamuru tujitibu, akatujulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameleta na dawa yake, isipokuwa uzee. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba alimtembelea Saad (r.a.) aliyekuwa mgonjwa, akaweka mkono wake kifuani mwake mpaka Saad akasikia ubaridi wake moyoni. Akamwambia kwamba ana ugonjwa wa moyo, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, mtu aliyejulikana kwa utabibu, na akataja tende za ajwa za Madina. Baadhi ya wanachuoni wamesema njia ya hadithi hii ina udhaifu, lakini maana yake inashikwa mkono na ile ya kwanza. Mkono wa Mtume ulikuwa kifuani mwake, na bado alielekezwa kwa tabibu! Itakuwaje mkono wangu mimi?

Ninasema maneno haya na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwangu na kwenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Alhamdu lillahi, na sala na salamu zimwendee Mtume wake. Ndugu Muislamu, sasa tuseme juu ya kuishi na jambo hili.

Jua kwanza kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia unapiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kwa siku nzima unakaribia mara 100,000. Katika mapigo mengi namna hiyo, pigo moja likitangulia wakati wake, linalofuata linachelewa, na ndiyo unasikia kama moyo umesimama halafu umeruka. Watu wengi wenye afya wanalo hilo, na mara nyingi halina hatari. Ndivyo nilivyoambiwa mimi baada ya kupimwa.

Pili, ziko sababu nyingi zinazofanya moyo ukimbie, nazo zinatibika au zinapunguzwa. Kukosa damu, hasa kwa akina mama wenye mimba na waliotoka kuzaa. Homa ya malaria. Uvimbe wa shingo, ule wa rovu. Kukosa maji mwilini wakati wa kuhara au wa jua kali. Kahawa nzito na chai ya rangi kila saa, tumbako, na kukesha. Na kuna baadhi ya dawa, kinini ikiwa miongoni mwao, zinazoweza kugusa mwendo wa moyo. Basi usinunue vidonge sokoni kwa kukisia, na munganga akikuuliza unakunywa nini, mwambie vyote, hata miti shamba. Kifua kinachochoma baada ya kula na kulala hapo hapo, mara nyingi ni tumbo linapandisha uchungu wake.

Ipo pia huzuni na hofu. Sisi watu wa huku tumepita vita vya 1996 na vya 1998, na Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zilipotekwa, wangapi walikaa usiku na simu mkononi wakingoja sauti ya ndugu? Mwili haukusahau. Mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo unaruka. Mtu huyo hana jini wala si mwoga. Amebeba mzigo, naye anahitaji wa kumsikiliza.

Tatu, zijue alama ambazo hazingojei asubuhi. Moyo kwenda mbio pamoja na kuzimia au kukaribia kuzimia. Kifua kubana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakienda mkono au taya, pamoja na jasho baridi. Pumzi kukatika. Hapo usiite mwalimu, ita pikipiki, upelekwe hospitali. Na kama miguu inavimba, au moyo unakushika unapofanya kazi au unapopanda kilima, au katika ukoo wenu kijana alikufa ghafla, nenda upimwe bila kukawia, hata kama leo unajisikia mzima.

Nne, moyo ni kama mtoto mtundu: mbele ya mgeni anatulia. Unaweza kufika kwa munganga, mashine isione kitu, ukaonekana muongo. Basi jisaidie. Moyo ukianza, kaa chini, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja kwa saa. Andika siku, saa, hesabu, ulikuwa unafanya nini, na ilichukua muda gani. Asiyejua kuandika, mtoto wake wa shule amwandikie. Mpelekee munganga karatasi hiyo, itamsaidia kujua.

Tano, ibada ni nyepesi. Ikikushika ndani ya sala, kaa. Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Husain (r.a.) aliyekuwa mgonjwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Na mwenye dawa za kila siku, mwezi wa Ramadhani usipunguze vidonge kwa akili yako mwenyewe. Muulize munganga kwanza, halafu utuulize sisi. Mgonjwa ameruhusiwa kula na Mola wake katika Suratul Baqara, aya ya 184. Usikatae zawadi hiyo.

Na ukiisha pimwa, ukaambiwa hakuna hatari, bado moyo utaruka siku moja moja. Wangu unaruka bado. Nimepunguza kahawa, ninalala baada ya Isha, na ukinijia usiku ninakaa, ninavuta pumzi polepole, ninasema Hasbunallahu wa niimal wakil, kisha ninamwamsha mama watoto nimwambie. Zamani nilimficha. Sasa ananishika mkono mpaka inapita.

Enyi wenye nyumba, kuweni kama Bibi Khadija. Anayekuambia moyo wake unaruka usimcheke, wala usimtafutie mchawi. Mfunike, msikilize, mtie moyo, mpeleke. Na kama kinachomzuia ni faranga za kupimwa, sanduku la swadaka la Ijumaa lipo kwa ajili hiyo. Aje kwangu kwa siri baada ya sala.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu. Vikunjue vifua vyetu kama ulivyomkunjulia Nabii Musa alipokuomba. Zitulize nyoyo zilizotishwa na vita, uirudishie nchi yetu amani. Utusamehe sisi walimu tuliposema bila kujua, na umpe afya binti yule na kila mtoto aliyecheleweshwa. Uwarehemu waliotutangulia. Amin, ya Rabbal alamin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu awarehemu.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.)