Aliyekunywa ya Kale



Injili ya Ijumaa hii, ya juma la 22 la mwaka, ni Luka 5:33-39. Habari ya divai mpya na viriba vikuukuu tumeizoea. Mathayo anayo, Marko anayo, na kila mhubiri ana mahubiri yake juu yake. Lakini Luka peke yake anaongeza mstari wa mwisho ambao wengi wetu huuruka, kwa sababu unaonekana kubomoa tulichokwisha kujenga. Bwana anakiri kwamba mtu aliyezoea divai ya zamani hana hamu na mpya. Ile ya kwanza inamtosha. Anasema hivyo, kisha ananyamaza. Hamkemei mtu huyo.

Mstari huo haujaniacha wiki hii, na sababu ni kompyuta ya kwaya.

Wanaosali nasi hapa Bondeni wanakijua chumba kilicho nyuma ya sakristia, chenye mablanketi yaliyotundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Humo ndimo kwaya hurekodi nyimbo zake. Kuna kompyuta moja, maiki kadhaa, na mama mmoja ambaye kwa miaka mingi ndiye fundi wetu wa sauti. Hakwenda chuo kuisomea kazi hiyo. Alianza kwa kumsaidia mwalimu wa kwaya kuunganisha nyaya, akabaki. Anajua kusubiri: adhana ya msikiti wa jirani imalizike, bodaboda zipite, mvua iache kupiga mabati, ndipo anainua mkono na kwaya inaanza. Nyimbo nyingi za Krismasi na za maziko zilizo kwenye simu za watu wa hapa, wa Kivumbini na wa Flamingo zilipitia mikononi mwake.

Majuzi vijana wa kwaya waliondoa toleo la zamani la programu ya kurekodia wakaweka jipya. Nia yao ilikuwa njema. Mama alipokuja kwenye mazoezi alikaa, akashika kipanya, akatafuta kile kifaa chake cha kusogeza kipande cha sauti mbele au nyuma. Hakikuwepo. Kijana mmoja akamwambia, "Mama, siku hizi unashika tu hapa juu ya kipande, unavuta." Akavuta, akashika pasipostahili, sauti ya soprano ikafupika mbele ya macho yake. Akainuka. "Basi rekodini ninyi," akasema, akaenda kuketi na waimbaji wa sauti ya pili.

Nataka tuelewe kilichotokea pale kabla ya mtu yeyote kumwita mkaidi.

Programu hiyo ni Audacity. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, na hadi leo ni ya bure. Ubure wake ndio ulioiingiza katika makanisa mengi yasiyo na bajeti ya studio. (Nawasihi wenye studio mitaani: kama programu ya kulipia imewashinda bei, ipo hii ya halali. Kazi ya Injili haihitaji kufanywa kwa programu iliyovunjwa kufuli.) Kwa miaka mingi, ukihifadhi kazi yako katika Audacity, ilikuwa inakaa sehemu mbili: faili moja ndogo yenye maelezo ya kazi, na kando yake folda iliyojaa vipande vidogo vidogo vya sauti yenyewe. Ndugu zangu, folda hiyo imewaliza watu. Mtu ananakili ile faili ndogo kwenye flashi, anaiacha folda, anapanda matatu hadi kwa rafiki yake mwenye spika nzuri, na akifungua anakuta wimbo hauna sauti. Mama yetu alikuwa amejifunza kuvichunga hivyo viwili visiachane, na aliwafundisha wengine.

Machi 2021 likaja toleo la 3.0, na kila kitu kikaingia katika faili moja. Oktoba ya mwaka huohuo, toleo la 3.1 likaondoa kile kifaa cha kusogezea vipande. Sasa unakamata upau ulio juu ya kipande chenyewe, na ukishika ukingo wake badala ya upau, unakifupisha. Mwaka 2022 toleo la 3.2 likaleta uwezo wa kuongeza mwangwi au kupunguza uzito wa sauti huku wimbo ukiendelea kucheza, ukisikia badiliko papo hapo. Ni mambo mazuri. Kama mngemkuta mtu anayeanza leo, asiyejua lolote, angeyashika kwa siku chache na kufurahi.

Lakini Mama haanzi leo. Ujuzi wake umekaa vidoleni. Mkono wake ulikuwa unakwenda mahali bila kuuliza kichwa, ukiliacha sikio lake huru kusikiliza kama besi wanashuka. Ukiondoa kifaa hicho, unamfanya fundi awe mwanagenzi mbele ya watoto aliowafundisha kushika maiki, tena kwa siku moja, tena bila kumwambia. Hapo ndipo naisikia Injili ya Luka. Anayeipenda divai ya zamani ana sababu: ameionja. Yule anayemcheka mara nyingi hajaionja.

Kwa hiyo vijana, nawaambia kwa upendo: mngemwita kabla. Mngeacha matoleo yote mawili yakae kwa muda, moja kwenye kompyuta ya kwaya na jingine kwenye laptopu ya mmoja wenu, ajifunze pasipo wimbo wa Jumapili kumsubiri. Mngekaa naye jioni moja bila waimbaji. Na mkono wa kumwonyesha haupaswi kunyakua kipanya. Mwacheni akishike yeye, akosee, arudishe nyuma, ajaribu tena. Nimewaona mkifundishana kwa subira mambo magumu kuliko haya.

Na kwako Mama, najua utaisoma karatasi hii. Rudi. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, na sababu yangu haihusu Krismasi ijayo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alipita nchini mwetu na gari lake la kurekodia. Huko Kapkatet, kati ya Litein na Sotik, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Walikuwa wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Wakalitamka jina lake kwa namna yao. Tracey akaondoka na sauti zao. Zikahifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Wakenya wapenda muziki, walizirudisha nyimbo hizo kwa wenyewe. Ilikuwa imepita miaka 64.

Fikirini kuhusu miaka hiyo 64. Sauti ile isingefika kama ingeachwa katika chombo cha kwanza. Ilihama kutoka chombo kimoja hadi kingine, hadi ikaingia faili za kompyuta, na kila ilipohama kulikuwa na mtu mmoja mahali fulani aliyelazimika kujifunza mtambo asioupenda, akiwa tayari ameuzoea ule wa kwanza. Kama mmoja tu wa watu hao angesema "basi rekodini ninyi", Kapkatet wasingesikia kitu. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba aliwakabidhi kile alichokipokea yeye mwenyewe. Kanisa limesimama juu ya kazi hiyo ya kupokea na kukabidhi, na kukabidhi hakufanyiki kwa chombo ambacho anayepokea hawezi kukifungua.

Mnakumbuka Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya Korona. Kwaya ilirekodi kwa zamu, mtu mmoja mmoja akiingia chumbani na barakoa yake, akiivua, akiimba sehemu yake peke yake, akitoka. Mama ndiye aliyezipanga sauti hizo zikawa kwaya. Rekodi zile zote ziko katika muundo wa zamani, ule wa faili na folda. Ndani yake imo sauti ya baba mmoja wa besi ambaye hakuiona Pasaka ya mwaka uliofuata. Mjane wake ameniuliza zaidi ya mara moja kama anaweza kuipata peke yake, bila wengine. Inawezekana, kwa kuwa kila mtu alirekodiwa kwenye treki yake. Lakini nani anajua ni treki ipi, katika wimbo upi, kati ya majaribio yaliyoachwa na lililokubaliwa? Vijana wanalijua toleo jipya. Mama anajua ni nani alisimama wapi. Hapa hakuna anayeweza kufanya kazi ya mwenzake.

Katika kitabu cha Ezra, sura ya tatu, msingi wa hekalu la pili unawekwa, wana wa Asafu wakiwa na matoazi. Wazee walioliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti kubwa, na wengine wanapiga kelele za shangwe, hata watu wasiweze kutenga kilio na shangwe. Nimeipenda sehemu hiyo tangu seminarini. Mwandishi hawatoi wazee uwanjani ili sherehe iwe safi. Na vijana waliokuwa wakishangilia wangejua nini juu ya utukufu wa nyumba ile ya kwanza, kama si kwa kuwasikia hao waliokuwa wakilia?

Sasa mambo ya kazi yenyewe, kwa kuwa watu wa parokia nyingine wameniuliza. Toleo jipya hufungua kazi za zamani na kutengeneza faili mpya, na zile za awali hubaki kama zilivyo. Msizifute. Toleo la zamani halitaifungua faili mpya, kwa hiyo hakikisheni mnayempelekea naye amehamia toleo jipya. Flashi nyingi zinazouzwa mjini huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ukirekodi maiki 8 kwa saa nzima umeuvuka mpaka huo, na flashi itakataa hata kama ina nafasi tele. Na kwa kila wimbo uliokamilika, toeni nakala ya WAV, faili moja kwa kila sauti, yenye jina la mwimbaji, jina la wimbo na mwaka. WAV hufunguka kwenye karibu kila programu ya sauti, na nadhani wajukuu wetu wataifungua pia.

Kuna jingine, nalisema kama mchungaji wenu. Tangu toleo la 3.1, ukikifupisha kipande cha sauti kwa kuvuta ukingo, ile sehemu uliyoiondoa haifutwi. Imefichwa tu, na anayeipata faili yako anaweza kuivuta irudi. Kwa fundi huu ni msaada mkubwa: Mama, ile soprano uliyodhani umeiharibu bado ipo nzima, shika ukingo uleule uivute. Lakini katikati ya nyimbo watu huzungumza, maiki zikiwa wazi. Mtu anamnong'oneza mwenzake habari za ndoa yake, au za mtoto aliyekamatwa, au deni la chama. Mnapopeleka kazi kwa studio ya nje, msipeleke faili ya mradi yenye minong'ono hiyo ndani. Pelekeni WAV, ambayo hubeba kile kinachosikika tu. Siri ya mtu aliyekuja kuimba ni amana mikononi mwa fundi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami sitaki tuutumie msemo huo kumnyamazisha anayesikitikia koleo lake. Amelifanyia kazi, limempa mkate, na limetupa sisi nyimbo. Nimezungumza na vijana na wamekwenda kumwona nyumbani kwake. Amewakaribisha chai. Amewaambia atarudi kwa sharti moja, kwamba wao nao wajifunze kusubiri adhana imalizike badala ya kusema wataifuta baadaye kwenye kompyuta. Wamekubali, na mimi naona sharti hilo ni la haki kwa wimbo na kwa jirani zetu.

Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, chumba cha kwaya kitakuwa wazi hadi jioni kwa ajili ya kuhamisha rekodi za zamani. Kila jumuiya ndogondogo ilete ilichonacho: kaseti za harusi na ubatizo, sidii, flashi, hata simu zilizopasuka kioo. Andikeni kwenye kipande cha karatasi majina ya wanaosikika na mwaka, au kisieni mwaka. Wenye faili za Audacity, leteni pamoja na folda zake. Wenye kaseti na hawana tena redio ya kuzichezea, msizitupe. Mzee mmoja wa Kaloleni amejitolea kutoa redio yake, na waya wa kuiunganisha na kompyuta tumeshaupata.