Mzinga Mtupu

Wafugaji wa nyuki kule Kitui hawangoji migunga ichanue ndipo watundike mizinga. Mvua ya Oktoba ikikaribia, mfugaji anashusha gogo lake, anatoa utando wa buibui, anafukuza sisimizi, anapaka nta ndani, halafu analipandisha tena mtini. Anangoja. Nyuki hawalazimishwi. Kabla kundi kuhamia, wanatangulia wapelelezi wachache kukagua. Wakikuta pachafu wanaenda zao, hata kama maua yamejaa kijiji kizima.

Yule mjane wa 2 Wafalme 4 naye aliambiwa akaazime vyombo vitupu. Vitupu, jamani! Na vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma.

Sisi tumefunga siku 3 tukiomba uamsho. Sawa. Lakini kuna wawili humu ndani wanaokaa pande tofauti kwa sababu ya pesa za chama, sitawataja. Hata mimi, tangu tugawane shamba la baba, sijasalimiana na ndugu yangu. Huu ni mwaka wa 4, na ninahubiri kila Jumapili. Jumatatu nilimpigia simu. Hakupokea. Nitapiga tena leo baada ya ibada.